Albert Bierstadt, muuza milima

Aprili 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiingia mwaka wa nne nchini Marekani, jiji la New York lilifungua maonesho makubwa ya kuchangia matibabu ya askari wa Kaskazini waliojeruhiwa. Zaidi ya dola milioni moja zilipatikana. Katika ukumbi wa picha, kazi mbili kubwa zilitundikwa zikitazamana. Moja ilikuwa Moyo wa Andes ya Frederic Church, mchoraji aliyekwisha kuvuma, ambayo miaka mitano kabla iliuzwa kwa dola 10,000. Ya pili ilikuwa Milima ya Rocky, Kilele cha Lander, ya mtu wa miaka 34 aitwaye Albert Bierstadt. Kuziweka hivyo ilikuwa kama kuwakutanisha watani wa jadi, na watu waliingia wakijua wanakuja kuamua nani mshindi.

Ukiitazama picha ya Bierstadt leo katika makumbusho ya Metropolitan, jijini humohumo, kwanza unapigwa na ukubwa wake: upana unazidi mita tatu, kimo karibu mita 1.9. Sehemu ya chini ni kambi ya Washoshone, Wenyeji wa Amerika waliokaa kandokando ya safu ya Wind River, katika nchi ambayo sasa ni jimbo la Wyoming. Kuna mahema ya ngozi, farasi, wawindaji na mawindo yao. Nyuma ya kambi yametulia maji, na mwanga wa jua umeyaangukia maporomoko peke yake huku pande zote mbili zikiwa kivulini. Kisha jicho linapanda: msitu, majabali, ukungu, theluji, hadi kwenye kilele kilichochongoka ambacho Bierstadt alikipa jina la mhandisi Frederick Lander, kiongozi wa msafara uliomfikisha huko, aliyefariki wakati wa vita mwaka 1862.

Mlima wa namna hiyo haupo Wyoming. Safu ya Wind River ipo na inapendeza, lakini kilele kile kimewakumbusha watazamaji wengi Matterhorn, mlima wa Uswisi. Na Bierstadt aliijua Uswisi kabla ya kuijua Wyoming. Alijifunza milima Ulaya, akaivusha bahari akiwa ameihifadhi kichwani, akawauzia watu wa Boston na New York ambao milima ya nchi yao wenyewe hawajawahi kuiona. Wateja walitaka Marekani iwe na Alps zake. Yeye alikuwa na mzigo tayari.

Alizaliwa Januari 1830 Solingen, mji wa wafua visu na panga katika Prussia. Alikuwa na miaka ipatayo miwili wazazi wake walipohamia New Bedford, jimbo la Massachusetts. Mji huo uliishi kwa nyangumi. Meli zake zilikaa baharini miaka miwili, mitatu, zikarudi na mafuta ya kuwashia taa, na mafuta yanahitaji mapipa. Baba yake alikuwa fundi mapipa. (Salem, bandari nyingine ya jimbo hilohilo, ndiyo iliyokuwa ikituletea merikani Unguja miaka hiyo na kurudi na pembe na sandarusi, iliyogeuzwa huko kuwa vanishi.) Hakuna dalili kwamba familia hiyo ilikuwa na fedha za kumsomesha mtoto sanaa. Akiwa na miaka 20 kijana alikuwa akijitangaza gazetini kwamba anafundisha uchoraji, ilhali mwenyewe hajafundishwa na mtu wa maana.

Mwaka 1853 akarudi alikozaliwa. Shabaha yake ilikuwa Düsseldorf, mji uliosifika kwa wachora mandhari, na alitumaini kupokewa na Johann Peter Hasenclever, mchoraji aliyekuwa na udugu na mama yake. Hasenclever akafa mwaka huohuo. Bierstadt akabaki mikononi mwa Wamarekani wenzake waliokuwa wakijifunza huko, hasa Worthington Whittredge na Emanuel Leutze, na Whittredge aliandika uzeeni kwamba kazi alizokuja nazo kijana yule zilikuwa duni kabisa. Walimwonea huruma. Yeye akachukua vifaa vyake, akapotelea vijijini msimu mzima, akirudi na michoro iliyowaacha wenzake midomo wazi. Mwaka 1856 alikuwa Uswisi, kisha Roma, na 1857 akarejea New Bedford.

Mwaka uliofuata alionesha New York picha ya Ziwa Lucerne la Uswisi, upana wake mita tatu. Kwangu mimi hii ndiyo picha ya kuitazama kwa makini kuliko zote, kwa sababu ndani yake kila kitu kimekwisha kupangwa: mbele majani na miti, katikati maji na mwanga, nyuma milima iliyopotelea mawinguni. Miaka mitano baadaye mpangilio huo ukahamia Rocky, karibu kwa vipimo vilevile vya turubai.

Lander alikuwa ametumwa na serikali ya Marekani kuboresha njia ya magari ya kukokotwa iliyowapeleka wahamiaji California. Bierstadt alijiunga na msafara wake mwaka 1859. Alichora, akapiga pia zile picha pacha ambazo ukizitazama kwa miwani maalumu unaona kina. Ndugu zake wawili, Charles na Edward, walikuja kufungua studio ya picha na kuziuza. Akiwa milimani aliandika barua iliyochapishwa katika jarida la sanaa la New York. Humo aliifananisha Rocky na Alps za Bern, tena kwa furaha ya mtu aliyekuta alichokuwa akikitafuta. Na juu ya Wenyeji akasema huu ndio wakati wa kuwachora, maana wanatoweka upesi.

Maneno hayo yanahitaji kusomwa mara mbili. Mtu aliyewaona Washoshone wakiwa hai, wakila, wakilea watoto na kuhama na mifugo yao, tayari alikuwa akiwahesabu kama watu wa zamani. Tarehe 29 Januari 1863, mwaka ambao Kilele cha Lander kilimalizika, jeshi la Marekani liliivamia kambi ya Washoshone wa kaskazini-magharibi kwenye mto Bear, katika Idaho ya leo. Wanahistoria wengi wanakadiria waliouawa kuwa zaidi ya 250, wanawake na watoto wakiwamo. Hawakuwa watu wa kambi ile aliyoichora. Walikuwa ndugu zao. Lakini watu waliopanga foleni New York mwaka 1864 kutazama mahema yaliyotulia kando ya maji walikuwa raia wa nchi ambayo, miezi 15 nyuma, ilikuwa imeyachoma mahema ya namna hiyohiyo. Bierstadt alifika mbali zaidi: alisimamia pia banda la maonesho hayo lililokuwa na vitu vya Wenyeji alivyovikusanya safarini, na ngoma zikachezwa humo. Biashara matangazo.

Kizuri chajiuza, wanasema wahenga. Bierstadt hakuwa na subira hiyo. Picha yake ilizungushwa miji mbalimbali, ikachongwa kwenye bamba la chuma na James Smillie ili nakala zake ziuzwe kwa wasioweza kununua turubai, na mwaka 1865 ikanunuliwa na James McHenry, Mmarekani tajiri wa reli aliyeishi London, kwa dola 25,000. Askari wa kawaida wa jeshi la Kaskazini, mwanzoni mwa 1864, alilipwa dola 13 kwa mwezi. Ingemchukua miaka 160 kuipata fedha hiyo, bila kula.

Alipokuwa akitengeneza jina hilo, Bierstadt alikuwa amekwisha kufunga safari ya pili. Mwaka 1863 aliondoka na mwandishi Fitz Hugh Ludlow kuelekea Colorado, Utah, California na Oregon. Ludlow alikuwa na umaarufu wa ajabu kidogo: kitabu kilichompa jina kilihusu ulaji wake wa bangi. Aliyewapokea Colorado ni William Byers, mhariri wa gazeti la Rocky Mountain News, naye baadaye alisimulia siku waliyopanda pamoja kutoka Idaho Springs kufuata kijito cha Chicago.

Siku hiyo ilikuwa ya mvua, msitu umefunga, hakuna kinachoonekana. Byers aliijua njia na alijua kinachokuja, ila hakusema. Wakatokeza ghafla kwenye uwazi, mbele yao maziwa madogo, kuta za mawe na wingu lililokuwa linachanika. Bierstadt akanyamaza. Akaachia hatamu za nyumbu, akadai rangi zake, akasema anahitaji dakika kumi na tano tu. Akachora bila kuinua kichwa huku mwenzake akishikwa na njaa. Alipomaliza akauliza kama amezidisha muda. Saa ya Byers ilionesha dakika arobaini na tano.

Napenda kisa hicho kwa sababu kinatuonesha mtu ambaye turubai kubwa zimemficha. Michoro ya namna hiyo, ya rangi za mafuta kwenye karatasi, ndiyo aliyobeba kurudi New York kwa mamia. Mingi ni midogo, ya kushikika mikononi. Wingu, mwamba, mti mmoja uliovunjika, farasi anayekula majani. Hakuna tarumbeta ndani yake. Mawe yana rangi ya mawe, jua halijatumwa kumulika kitu fulani. Hakuichora kwa ajili ya kuuza. Ilikuwa malighafi ya kufanyia kazi studio, Mtaa wa Kumi, ambako alichukua wingu la huku, maporomoko ya kule na kilele cha mahali pa tatu, akaviunga kuwa mlima mmoja.

Dakika zile 45 zilizaa picha iitwayo Dhoruba katika Milima ya Rocky, Mlima Rosalie, ya 1866, ambayo leo iko makumbusho ya Brooklyn. Upana wake ni mita 3.6. Mbele ni bonde lenye mwanga na wapanda farasi wadogo kabisa. Juu yao wingu jeusi zito. Na juu ya wingu hilo, mahali ambapo macho yalikwisha kukata tamaa ya kuona ardhi, kinajitokeza kilele cha theluji. Ni ustadi mkubwa, na ni uongo mkubwa vilevile. Mkosoaji mmoja wa New York alilalamika mwaka huohuo kwamba jiolojia inampinga mchoraji, na kanuni ya mvutano imejiunga nayo.

Rosalie lilikuwa jina la mke wa Ludlow. Mwaka 1866 alipewa talaka, na Novemba mwaka huo akaolewa na Bierstadt. Magazeti ya wakati ule yalikuwa na heshima kuliko ya sasa katika mambo kama hayo, au yalikuwa na woga; vyovyote iwavyo, mlima ulikuwa umekwisha kupewa jina.

Katika safari hiyo ya 1863 walikaa wiki kadhaa Yosemite, California. Bierstadt alikuwa ameziona New York picha za bonde hilo zilizopigwa na Carleton Watkins, akatamani. Juni 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi bonde kwa jimbo la California liwe mali ya umma. Picha za Watkins zinastahili sifa zaidi katika hilo, lakini turubai za Bierstadt ndizo zilizolifanya bonde liwe ndoto ya taifa baada ya hapo. Tazama ile ya 1865, ya kutazama bonde kutoka juu wakati wa machweo: majabali pande mbili, dhahabu katikati, na hakuna binadamu hata mmoja. Miaka 14 kabla, mwaka 1851, kikosi cha wanamgambo kiitwacho Mariposa kiliingia humo kuwafukuza wenyeji waliokuwa chini ya mzee wao Tenaya, kikachoma akiba zao za chakula. Kwenye Rocky Bierstadt aliwachora watu na kuwatangaza kuwa wanatoweka. Yosemite aliwaondoa kabisa. Sidhani alikaa chini akapanga njama. Alijua tu kwamba mnunuzi anapenda bonde linaloonekana kama limeumbwa asubuhi ile kwa ajili yake.

Wanunuzi hao walikuwa akina nani? Wengi walikuwa watu wa reli. McHenry wa reli. Legrand Lockwood, tajiri wa hisa na reli, aliagiza Majabali ya Yosemite kwa jumba lake la Connecticut na kulipa dola 25,000 mwaka 1867. Collis Huntington wa reli ya Central Pacific aliagiza Ziwa Donner lionekane kutoka kileleni, yaani pale hasa reli yake ilipopasulia mlima. Ukitoa milima ya Bierstadt kwenye ukuta wa mtu kama huyo, unabaki na ramani ya uwekezaji wake.

Miaka hiyo ilikuwa ya neema tupu. Alijenga jumba la vyumba 35 juu ya mto Hudson, akaliita Malkasten kwa kukumbuka chama cha wachoraji wa Düsseldorf. Alikwenda Ulaya, akamwonesha Malkia Victoria kazi zake, akapewa nishani na Ufaransa. Mwaka 1868 akiwa Roma alichora Kati ya Milima ya Sierra Nevada, turubai nyingine ya mita tatu, yenye swala wakinywa maji kando ya ziwa lisilo na jina. Hivi ndivyo uchoraji wake ulivyofikia mwisho wa mantiki yake: California iliyochorwa Italia, ikaoneshwa London na Berlin. Watu wa huko walikuwa wakifikiria kuhama. Picha iliwaonesha wanakokwenda.

Mwandishi Mark Twain, aliyeiona Majabali ya Yosemite mwaka 1867 alisifu mawe na miti, kisha akasema kwa kejeli kwamba anga lile ni la ahera kuliko la California. Twain alikuwa na faida ambayo wengi hawakuwa nayo: alikuwa amekaa huko.

Tarehe 10 Mei 1869 reli ya kutoka mashariki na ile ya kutoka California zilikutana Utah. Tangu siku hiyo mtu wa New York mwenye nauli aliweza kuiona Sierra Nevada kwa macho yake kupitia dirisha la behewa, ndani ya takriban juma moja. Wateja wa Bierstadt ndio walioijenga reli, na reli ndiyo iliyomvunjia soko. Septemba mwaka uleule soko la dhahabu lilianguka New York, na Lockwood akaanguka nalo. Picha yake ya dola 25,000 ilipigwa mnada baadaye kwa dola 5,100, ikaenda kwenye maktaba ya mji mdogo wa St. Johnsbury, Vermont, ambako ipo hadi leo. Wanunuzi vijana walikuwa wamegeukia wachoraji wa Ufaransa, picha ndogo, mashamba, ukungu, ng'ombe. Turubai za mita tatu zikaanza kuonekana kama makelele.

Bierstadt hakubadilika, au hakuweza. Rosalie alipata kifua kikuu, na kuanzia mwaka 1877 alikwenda Nassau, Bahamas, kukwepa baridi. Bierstadt alichora bahari na michikichi huko, baadhi yake vizuri sana. Mwaka 1882 Malkasten iliungua moto. Rosalie akafariki 1893.

Kabla ya hapo lilikuwapo jaribio moja kubwa. Mwaka 1888 alimaliza Nyati wa Mwisho: uwanda mpana, nyati wa Amerika kila upande hadi upeo wa macho, na mbele mwindaji Mwenyeji juu ya farasi mweupe akimchoma mkuki fahali anayemvamia, huku mizoga imetapakaa. Kamati ya Marekani iliyochagua picha za Maonesho ya Paris ya 1889 ikaikataa. Mwaka uleule mtaalamu wa wanyama William Hornaday alichapisha hesabu yake: kati ya mamilioni ya nyati waliojaa uwandani, Amerika Kaskazini nzima walibaki 1,091. Kwa hiyo Bierstadt alikuwa na habari ya kweli na ya haraka mikononi, pengine kuliko wakati wowote. Akaieleza kwa uongo. Waliowamaliza nyati ni wawindaji wa ngozi wenye bunduki za masafa, na reli zilizosomba ngozi hizo. Yeye mkuki akamshikisha Mwenyeji. Kamati ilimkataa kwa sababu picha ilikuwa imepitwa na mtindo. Kuhusu nani aliyeua nyati, hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1895 alifilisika. Aliwahi kuhangaika hata na uvumbuzi wa mabehewa ya reli. Alifariki New York Februari 1902, akazikwa New Bedford, na kwa karibu miaka 60 hakuzungumziwa sana. Katikati ya karne ya ishirini aliporudishwa kwenye kuta za makumbusho, wengi waliovutiwa naye walianzia kwenye ile michoro midogo ya karatasi, ambayo wakati wa uhai wake haikuwa na bei ya maana.

Mlima Rosalie haukubaki na jina lake. Mwaka 1895 Colorado iliuita Evans, kwa heshima ya John Evans, gavana aliyelazimika kujiuzulu baada ya mauaji ya Wacheyenne na Waarapaho huko Sand Creek mwaka 1864. Septemba 2023, baada ya madai ya miaka mingi ya makabila hayo, bodi ya taifa ya majina ya mahali iliubadilisha tena: sasa unaitwa Blue Sky, jina linalohusiana na mila za makabila hayo mawili. Jirani yake ni mlima uitwao Bierstadt, ambao wapandaji wengi wa Colorado huanza nao kwa kuwa njia yake si ngumu. Ni mfupi kuliko Meru yetu. Ukifika juu na kugeuka mashariki utauona ule alioupitisha juu ya mawingu kwa ajili ya Rosalie. Unauzidi huo uliosimama juu yake kwa mita sitini hivi.